Kona ya Matope

Kipsongo, Kitale
14 Juni

Kaka Wekoye,

Pokea salamu kutoka kwa dadako Agneta. Natumaini wewe, wifi Viola na ng'ombe wako mko salama. Nawataja ng'ombe kwa sababu usipoulizwa habari zao unanuna. Sisi huku tu wazima, ila nyumba bado inanuka mafuriko ya Mei.

Ule mfereji wa zamani, uliochimbwa na walowezi kupeleka maji mashambani mwao, sasa unatengenezwa. Utapanuliwa, kando yake kuwe na njia ya kutembea, viti, na uwanja wa mpira ambao mvua ikizidi utageuka bwawa. Nilicheka nilipoambiwa watu watakuja Kipsongo kupunga hewa. Lakini maji yakiacha kulala kitandani mwangu, waje tu, nitawauzia mahindi choma.

Shida ilikuwa ile kona ya mfereji. Unaijua: hapo ndipo vijana wetu wa mjini hupakwa matope alfajiri ya kutahiriwa, na marehemu mume wangu alipakwa papo hapo. Injinia Kimotho alitaka kuinyoosha na kuijenga kwa mawe ili maji yapite haraka. Wazee walipokataa, akasema kwa heshima kabisa ati atawaletea matope safi kwa lori, tena yamechujwa. Mzee Nyongesa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza kama hayo ya lori yatakuwa na baridi ya kumtia kijana ganzi. Kimotho akafikiri sana, akasema kona inaweza kubaki, mradi maji yapate pa kutandaa ng'ambo yake. Watu wote wakatazama ng'ambo. Ng'ambo ni kwangu.

Mwanangu Hillary, ambaye ameshaanza kutafuta njuga za kwenda kualika jamaa kwenye tohara yake, aliinamia viatu vyake.

Kaka, nimekubali. Sikukuuliza kwa sababu ungenikataza, nami ningekutii. Nyumba na bustani ya sukuma vitaondolewa Septemba. Agosti Hillary atasimama atahiriwe mbele ya mlango wangu, alikosimama babake, nawe njoo na ile nyama ambayo mjomba humvisha kijana shingoni. Fidia wameahidi, ila hawajasema lini. Naogopa, sikufichi. Najua watu hunong'ona dada aliyeolewa akirudi kwao na masanduku. Hata hivyo nakuomba kile chumba kilicho karibu na jiko lenu, mpaka nijipange.

Kinachonichekesha, na usiku kuniliza kidogo, ni kwamba asubuhi ya tohara wanawake hatufiki pale kwenye kona. Matope niliyoyatolea nyumba sitayaona mpaka mwanangu aje nayo mwilini.

Msalimie wifi, na mtoto wa jirani aliyekuwa na kikohozi. Nijibu mapema, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi dadako,
Agneta