Mluzi wa Mama Uliosomwa Niania

Kabondo, Kisangani
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa yaya Isaïe, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Hujambo huko Lubumbashi? Mgongo umepoa, au bado unaketi upande upande kwenye kiti cha ofisi? Na mke wako Odile, malaria imemwacha? Sisi huku tu wazima, Mungu asifiwe, ingawa vita hii ya Kivu imetunyima usingizi na magunia ya maharagwe yananifikia dukani kwa kubahatisha.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unataka binti yako Adeline aache kazi ya kuandika maneno chini ya video, afunge sanduku, akufuate Lubumbashi kabla ya Pasaka. Unasema hukumpeleka mtoto chuo kikuu ili awe karani wa simu. Bon, nimekusikia. Sasa keti unisikie na mimi.

Kwanza uielewe kazi yenyewe. Wakimbizi waliofika hapa wanapigwa video wakitafuta ndugu waliopotezana nao njiani, na wengi wanasema lugha yetu ya Kinande tu. Adeline anasikiliza, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, halafu anaandika kwa Kiswahili chini ya picha, ili neno likitoka mdomoni lisomeke papo hapo. Dakika moja ya video inamla saa nzima. Mwanzoni nilimcheka, sikufichi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaniambia nami nikae mbele ya simu, tumtafute Mama. Unajua tangu mapigano yamtoe kwetu Kirumba hatukuwa na habari yake, miezi saba, na nilikuwa nimeanza kuogopa hata kumtaja kwenye sala. Nikavaa kitenge changu cha Noeli, nikasema kwa Kinande safi: tunamtafuta mama yetu, Mkristo mwema, mtu wa heshima, mama ya Mumbere.

Adeline akaweka simu chini. "Tantine, kila nyumba ya kwetu iko na Mumbere. Ba-mama Mumbere iko elfu. Huyu wetu watamujua namna gani?"

Kweli, yaya. Wewe ni Mumbere kwa sababu ulizaliwa wa kwanza, kama vifungua mimba wengi wa kiume wa kwetu. Akaniuliza Mama ana nini ambacho mama mwingine hana. Nilijua, na wewe unajua: akichambua maharagwe anapiga mluzi. Mwanamke, mjane, mtu wa kanisa! Siku wakwe zako walipokuja, si ulimfungia mlango wa jikoni asisikike? Nikamwambia Adeline kwamba aibu ya nyumba haitangazwi. Alinirekodi upya tu, nami nikalisema lile la mluzi kwa kusitasita, sauti ndogo kabisa. Yeye akaliandika kwa herufi kubwa: ANAPIGA MLUZI AKICHAMBUA MAHARAGWE. Nilimnunia siku mbili.

Wiki ya tatu baadaye dereva mmoja wa lori, Alfani, mtu wa Maniema, alikuwa gereji kule Niania, video yetu ikamfikia kwenye simu. Kinande hajui hata salamu, na jenereta ilinguruma pembeni hata simu haisikiki. Alisoma tu maandishi ya Adeline. Akapiga namba iliyoandikwa pale, nikapokea mimi: "Mama, ule koko, bibi wa muluzi, iko huku, kwa masista. Kila asubuhi namusikia, anachambua maharagwe yao." Kumbe masista walikuwa wamemwandika "Mama Mumbere", wa nne kwa jina hilo!

Nililia mbele ya wateja, wala sikuona haya. Alfani alimleta mwenyewe, siku nne za matope. Mama amekonda, miguu imevimba, lakini yu hai, yuko hapa Kabondo, analala kitanda cha Adeline.

Yaya, ninajivunia huyu mtoto hadi majirani wamenichoka. Familia tatu nyingine zimepata ndugu zao kwa maandishi yake, na masomo hajayaacha. Sura ni yako, akili nadhani amechukua kwangu.

Msalimie sana Odile, na mjomba wetu, tonton Augustin, mwambie dada yake, Mama, amepatikana. Mungu aliyemlinda Mama porini awalinde na ninyi, na akufungulie njia ya kuja.

Maana barua yako nilimsomea Mama jana. Aliisikiliza hadi mwisho, ungo magotini, akasema: "Mwambie Mumbere, kama anataka mtoto aache, aje aniambie mimi, hapa." Kisha akarudi kwenye maharagwe yake, na kwenye lile unalolijua. Ninapoandika bado anaendelea, na safari hii mlango wa jikoni tumeuacha wazi.

Ni mimi dada yako mdogo, ninayekupenda hata ukinuna,

Kanyere Prudence