Dawa ya Choo Kwenye Biogesi ya Lorine

Shiku, wacha kila kitu usome hii. Lorine wetu leo ameaibishwa mbele ya akina mama wa kanisa!

Si unajua vile anaringa na biogesi yake? Tangu aanze kuchanganya mavi ya ng'ombe na matumbo ya samaki, wale mbuta wa ziwani, gesi imeongezeka mpaka anapikia boma nzima. Leo akawaita waje wajionee. Chai iko motoni, maziwa ndiyo tu ameyamimina, moto ukazima. Ukazima, Shiku!

Mama Byron, yule mwenyekiti wao, akacheka. "Mavi ni mavi tu. Leta kuni." Mavi ni mavi! Kwa nyumba ya mtu!

Lorine akatoka, akafunua pale anapomwagia mavi na matumbo. Badala ya samaki, kunanuka dawa ya choo! Mama mkwe wake akasema polepole, "Wiki hii nimekuwa nikimwaga kila asubuhi. Sikutaka wageni wasikie harufu."

Dawa ya choo! Vile vijidudu vinavyotengeneza gesi vimekufa vyote kwa usafi.

Unadhani alilia? Alitupa viatu kando, akiwa bado na gauni yake ya Jumapili, akaanza kuchota ule uchafu kwa ndoo. "Hakuna kuni itaingia hapa. Natoa yote naanza upya. Mama Byron, moto ukiwaka nitakuita, na hiyo chai utakunywa."

Mama Byron akatafuta mkoba wake. Mama mkwe naye akakunja mikono ya nguo, akainama, akashika ndoo ya pili.

"Na kikombe," akasema, "nitampelekea mimi mwenyewe."