Nafasi Mliyoniachia Pichani

Lofoten, Norwe
Aprili

Kaka Vytenis,

Zipokee salamu za huku kwenye baridi, wewe, shemeji Daiva na watoto. Natumaini kifua chako kimetulia na ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima wa kusimama tu. Vidole vimechanika kwa chumvi na mgongo umekuwa wa kizee, lakini samaki hawayajui hayo, wanazidi kuja.

Kamera niliyowanunulia, mliyonirudishia, imefika. Uliandika kwamba ni mbovu, kwamba picha zote alizopiga jirani Zigmas siku ya maziko ya Mama zimetoka ukungu, na kwamba nikamtukane aliyeniuzia. Unajua mimi sikumzika. Msimamizi alisema anayeondoka katikati ya msimu asirudi kutafuta kitanda. Kwa hiyo sura ya Mama jenezani ndiyo niliyokuwa nikiisubiri, na nilipofungua nikakuta uso kama unga uliomwagika.

Nikaanza kuitibu kamera. Nikafuta lenzi kwa fulana safi, nikachaji betri, nikatazama ile swichi ndogo ya ubavuni inayoifanya ilenge yenyewe, isije ikawa watoto waliizima. Ilikuwa mahali pake. Nikaipeleka kwa Torgeir, Mnorwe ninayepasua naye samaki, ambaye Jumapili huenda kupiga picha tai wa baharini. Akabonyeza kitufe nusu, akangoja mlio, akanipiga. Ndevu zangu zikatoka unywele kwa unywele. Akacheka, akasema mashine haina homa, mwenye homa ni mimi, na siku nyingine nioge kwanza ndipo nimsogelee na kamera.

Kisha akaziona picha za jeneza, akaacha utani. Akauliza ni watu gani sisi tunaomtoa marehemu uani akiwa wazi, halafu tunajipanga nyuma yake kama harusini. Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyoagana, kwani wao huagana na mfuniko? Akasema haya, yaishe, nitazame hapa. Akabonyeza, na juu ya kila picha kikatokea kisanduku chekundu kinachoonyesha kamera ilikaza jicho wapi. Kilikuwa katikati, baina yako na Daiva, hakigusi mtu. Akaeleza kwamba aliyepiga alilenga katikati, na katikati hapakuwa na mtu, kwa hiyo kamera ikapita ikashika ukuta wa nyuma. Akauliza mbona mmesimama mbalimbali, mlikuwa mmenuniana? Nikamjibu kwamba hapo ni pangu. Kwetu asiyeweza kufika huachiwa nafasi. Akanipa pole, akaenda kuvuta sigara.

Nilikushukuru moyoni, kaka, kwa kunikumbuka. Kisha nikaikuza picha niuone huo ukuta.

Ni chumba cha Mama. Kile nilichokijenga likizo mbili, matofali ya jiko la kuotea moto nikayabeba mwenyewe, kwa sababu chumba chake cha zamani kilikuwa kikimla mapafu kwa baridi. Tangu Oktoba umekuwa ukiniandikia kwamba analala humo, kwamba jiko linavuma, kwamba usiku anatupa blanketi kwa joto. Dirishani naona vizimba vya sungura vimepangwa hadi darini. Mmoja ananitazama, hata sharubu zake zinaonekana. Na kando ya dirisha, bomba la moshi lina mfuko wa bluu mdomoni. Niliufunga mimi mwezi wa Agosti ili mvua isiingie, kwa fundo langu lile la nyavu. Haujafunguliwa. Jiko lile halijawahi kuwaka hata siku moja, Vytenis. Na Mama amekufa kwa kichomi mwezi wa Februari.

Kwa hiyo kamera siirudishi dukani. Ningekuja, kichwa changu kingeliziba dirisha, Mama angetoka vizuri, na mimi ningeondoka nikikushukuru. Nimekufungia humu moja ya picha hizo, nimeisafisha kwa ukubwa. Itundike zinapotundikwa nyingine.

Msalimie shemeji, sitaki kumuuliza alijua nini. Peremende ni za watoto. Zigmas mwambie hakukosea kitu. Msimu ukiisha nakuja. Sungura wafanye upendavyo, ila mfuko usiuguse. Nitaufungua mwenyewe, na wewe utanishikia ngazi.

Mdogo wako,
Rimgaudas