Kwa Papa Edmond, mukubwa wa kipoyi ya Nyabiondo

Nyabiondo, mwezi wa sita 1968

Mwaka umezunguka, Papa Edmond Nzabandora, na maharagi iko tayari tena kuvunwa, lakini bila wewe. Ni mimi Anastasie, muke yako, naandika kwa jina ya nyumba yote.

Unajua napenda vitendawili. Wageni wakikuulizia, nawategea hiki: nyumba gani inatembea na miguu munane, na mwenyewe analala ndani? Ni kipoyi, kitanda ya kubebea wagonjwa ku mabega ya watu wane. Na mulima yote inajua mukubwa wake alikuwa nani. Wewe njo ulichagua wabebaji wenye urefu moja. Mama wa mimba ao mwizi wa mbuzi, uliwabeba sawasawa.

Siku ile uliacha kikapu mu shamba, ukashika kifua, ukaniambia: “Mama Vestine, kitu kimepasuka ndani, kinashuka mu mugongo.” Kisha muguu wa kushoto ukapauka, ukawa baridi kama jiwe ya mutoni. Tulizani ni umande. Tukaupaka siagi ya ngombe, tukausogeza karibu na moto.

“Wacheni. Siusikie huo moto. Fungeni kipoyi, muguu usikufe.”

Léonard, jirani yetu, alibeba nyuma. Kwenye muteremuko nyuma ikainuka, na maumivu yote ile ukamupigia kelele: “Inama! Uko murefu kama muti ya kalitusi, utanimwaga!”

“Papa, mugonjwa haamurishe.”

“Basi niponye kwanza!”

Wakacheka, wakakaza mwendo. Ulifika hospitali na akili yako yote.

Daktari alitafuta pigo ya damu mu muguu, hakuipata. Akatuelezea polepole: mushipa mukubwa unaotoka kwenye moyo ulipasuka kwa ndani, damu ikapotea njia, haikushuka tena mu muguu. Muguu haukuwa na ugonjwa wake, ulikosa damu tu. Kushona mushipa ule, hapa hakuna anayeweza. Mbele ya jua kuzama, ukatutoka.

Walituletea kamio, gari kubwa ya kukurudisha nyumbani. Wabebaji wako wakakataa: wewe utarudi juu ya mabega. Tulipokaribia nyumbani, Vestine, binti yako, akashika muti ya kipoyi. Kwetu mwanamuke habebe.

“Dada, utaweza?” Léonard akauliza.

“Ni baba yangu. Sogea.”

Akasogea. Vestine akakufikisha mupaka mbele ya mulango, bila kupokezana.

Tunaokukumbuka: muke yako Anastasie Nyiramana, watoto wako Vestine na Séraphin, dada yako Constance wa Mushaki, wajukuu, na wabebaji wote. Hatutakusahau hata siku moja.