Kanyere Anatokaka Usiku

Siku ya pili, 6/2/2001
Maîtresse, mwalimu wa mutoto wangu, ameniita tena. Kanyere analala ku masomo — kichwa juu ya banc ya kuandikia, tangu saa mbili. Miaka tisa! Akaniuliza kama ninamutumikisha usiku. Hapana. Analala mapema kupita batoto bote ba hapa Kimemi. Donc, ni uvivu tu. Nilimupiga mara mbili. Hakulia. Alificha tu mikono. Vidole imevimba.

Siku ya ine, 8/2
Nimemupeleka kwa munganga. Akashika magoti, akakunja kiwiko pole pole. Akasema ni rhumatisme ya batoto, ugonjwa ya viungo, inakaaka miaka, na maumivu njo inamuvunjia usingizi. Muchana anachoka kama mutu mwenye alilima. Rhumatisme ni ya bazee! Sikumuamini. Dawa alinipa nimeficha mu kabati. Sijue ni dawa gani.

Wifi yangu Jokébed, dada ya bwana yangu, aliona. Akasema dawa haiponyeshe mambo ya namna ile. Namna gani? Akaenda zake.

Siku ya posho, 10/2
Bwana yangu Sikuli alienda Kanyabayonga kununua maharagi. Juma tatu zimepita, hakuna habari. Banasema basoda ba vita bamefunga barabara. Jokébed anasema ingine: mutoto anachoka muchana sababu usiku anatembea kama muchawi, na baba yake njo wa kwanza kuliwa. Alisema ile tukimenya mihogo, kama anaomba chumvi. Anamutakia nini mutoto wangu?

Lakini na mimi — tangu saa ile, ninamuangalia Kanyere kwa jicho ya pembeni.

Siku ya Mungu, 11/2
Jokébed alimwaga majivu ku mulango usiku, bila kuniambia. Asubuyi, alama ya muguu mudogo, wenye kukokota. Akaniita nione.

Kanyere alishindwa kufunga vifungo ya robe. Nilimufungia. Niliogopa kumugusa.

Siku ya kwanza, 12/2
Sikulala. Katikati ya usiku Kanyere akaamuka, akashika ukuta, akatoka. Nikamufuata. Nikamukuta jikoni, amekaa karibu na mafiga, mikono na magoti ndani ya majivu yenye moto kidogo.

"Mama, usinipige. Hapa haiumake sana."

Nikauliza tangu lini. Kila usiku, tangu Noeli. Nilikaa naye mpaka jogoo iliwika. Nikamupa dawa ya munganga.

Siku ya pili, 13/2
Saa sita ya muchana. Muombaji Ananie, mutu ya maombi ya kanisa, iko mu salon, chumba ya bageni, pamoja na Jokébed na banaume babili. Banataka kumupeleka Kanyere mu chumba ya maombi kumutoa uchawi, siku saba bila chakula. Nikaanza kueleza jikoni, majivu, munganga. Ananie akanikata.

"Mama Kanyere, jibu tu. Mutoto anatokaka usiku, ao hapana?"

Niliona kwa macho yangu. Nikasema anatokaka. Hawakutaka kusikia ingine.

Nimeingia mu chumba ya Kanyere, nimejifungia kwa ufunguo. Kanyere analala — kweli analala, mudomo wazi. Bananigongea nimuamushe. Nimetia mugongo ku mulango, ninaandikia juu ya magoti.

Sauti ingine imeingia mu salon. Ya Sikuli! Iko muzima, donc hakuliwa. Anauliza mutoto iko wapi.

Jokébed njo anamujibu wa kwanza. Pole pole. Sisikie maneno.

Sikuli anagonga. Mara moja tu. Sasa anaita jina yangu, hapana tena ya mutoto.

Sifungue bado.