Alama Tumboni mwa Kanga

Shauri Moyo, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako baba,

Kabla ya lolote pokea salamu zangu, na umwambie Mwende anayekusomea asome polepole, maana najua yeye hupenda kuruka mistari ili afike kwenye umbea. Macho yako yanaendeleaje? Na mikono? Mwaitu, mama yetu, aliniambia kwamba siku hizi kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili. Nilicheka naye kwenye simu, lakini nilipoikata sikuchonga tena siku hiyo. Mimi ni mzima. Kifua kimenisamehe tangu nilipoanza kufunga kitambaa puani ninapopiga msasa, kama ulivyoniagiza miaka yote nami nikajifanya kiziwi.

Utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Jambo hili nimejaribu kulisema kwa simu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za mvua.

Karakana yetu iko pale pale, karibu na mto, nyuma ya wauza mbao. Tuko saba. Asubuhi jua linapopenya matundu ya mabati, vumbi la mti husimama hewani bila kushuka, na mtu akipita ndani yake unaona umbo kwanza, kisha ndipo unamtambua. Treni ikipiga honi upande wa Makongeni, sote tunanyanyuka kidogo, kama watu walioitwa, halafu tunainamia kazi tena. Saa hiyo naipenda sana. Naweza kuchonga kanga mzima, kuanzia mkia hadi kishungi, bila kujua nilianza lini. Mikono inaenda yenyewe, nami niko huko nyumbani, nimechuchumaa kando yako.

Basi Jumanne iliyopita, katika saa kama hiyo, alitokea ndani ya vumbi mama mmoja kutoka Uswidi, jina lake Karin. Ana duka la vitu vya mikono huko kwao. Kiswahili anakijua kutuzidi, cha kitabu kabisa. Alisema "hamjambo" na akasubiri mpaka tukajibu "hatujambo" sote saba kama darasa. Wafula, yule rafiki yangu wa hapa Eastlands anayepaka nta, alijificha nyuma ya gogo acheke.

Karin akaokota kanga niliyemaliza asubuhi ile, akamgeuza, akaiona alama tumboni. Ile mistari mitatu na nukta.

"Samahani, nani amechonga ndege huyu?"

"Ni kazi ya baba," nikasema.

Nilisema bila kuwaza, baba. Nimeikata alama hiyo tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita. Ulinionyesha mara moja tu, ukaniambia mwanafunzi hakati alama yake mpaka mwalimu wake amwambie, "Sasa kata yako." Hujaniambia, nami sijawahi kuuliza. Kila kanga aliyetoka mikononi mwangu ametoka na jina lako, na sikuona ubaya wowote.

"Naomba nionane na baba yako," akasema Karin.

"Yuko nyumbani, Ukambani. Ameacha kuchonga. Mikono inatetemeka."

"Ameacha lini?"

"Miaka sita sasa."

Akamtazama kanga. Gundi ya kishungi ilikuwa haijakauka. Wafula akakohoa kule nyuma ya gogo.

Ndipo akafungua mkoba wake akatoa kitu kilichofungwa kwenye shali. Baba, alikuwa kanga mwingine, mweusi kwa kushikwashikwa, mdomo umevunjika ncha. Nyanya yake Karin alimnunua hapa Nairobi siku zile uhuru ulipokuwa bado mchanga, na tangu hapo ndege huyo amekaa kwenye dirisha la jikoni huko Uswidi, anaangalia theluji. Karin alipokuwa mtoto alidhani ndege huyo anasikia baridi, akawa anamfunika na soksi. Akamlaza kando ya wangu, matumbo juu. Mistari mitatu na nukta, na mistari mitatu na nukta.

"Huyu fundi," akasema polepole, "ana umri gani?"

Wote wakacheka, hata yeye. Mimi sikucheka.

Akanieleza shida yake. Anataka kanga wetu kwa ajili ya duka lake, kazi ya mwaka mzima kwa sisi sote saba, lakini kila ndege lazima asafiri na kikaratasi chenye jina la aliyemchonga, na mchongaji atie sahihi kwamba ni kazi ya mikono yake. Kwao, jina la mtu mwingine juu ya kazi yako ni udanganyifu. Nikamwambia kwetu ni heshima. Nikamwambia mtu anayekata alama yake bila ruhusa ya mwalimu wake anahesabiwa mwizi, hata kama mti kaununua mwenyewe.

"Lakini hivyo," akasema, "aliyefanya kazi anapotea."

"Na kwa njia yenu anapotea aliyefundisha."

Akakaa juu ya gogo na sketi yake safi. Hakukasirika, nami sikukasirika. Tulikuwa kama watu wawili wanaotazamana kutoka ng'ambo mbili za mto, kila mmoja anaona wazi kwamba mwenzake amesimama upande usiofaa. Nikamwomba muda nikuulize wewe. Akashangaa. "Lakini wewe ni mtu mzima," akasema. Atarudi Alhamisi ya wiki ijayo.

Alipotoka, Wafula alinijia juu. "Buda, mathe anataka jina, si umpe jina! Andika lako, andika la mzae wako, andika hata langu. Kwao huko ni kwao, huku ni huku. Tusonge mbele, tunahitaji hii kazi."

Na ni kweli tunaihitaji. Mwezi uliopita wawili wetu walishinda sokoni Gikomba wakibeba mizigo kwa sababu hapakuwa na cha kuchonga.

Ningeweza kumsikiliza Wafula. Kila nchi na desturi yake, yakaishia hapo. Lakini nikakumbuka mwaka jana, dalali mmoja alimwambia mteja mbele yangu kwamba twiga wangu amechongwa na yeye. Siku ile chakula hakikupita. Sasa, kama si neno kazi yangu kubeba jina la mwingine, mbona niliumia vile? Nimejijibu kwamba wewe ulinifundisha na yule dalali hakunifundisha kitu. Ni jibu zuri, lakini kila nikilishika naona lina ufa.

Sijakuambia bado lililonifanya niandike. Karin aliniachia yule kanga wa zamani mpaka Alhamisi. Kesho yake mchana nilisinzia naye mapajani, na katika usingizi ule mwepesi vidole vyangu vikawa vinapita juu ya mabawa yake. Nikashtuka. Mapigo ya tezo yalikuwa yanatoka kushoto. Nikamgeuza kwenye mwanga, nikahesabu pigo moja baada ya jingine. Yote kutoka kushoto, na shingo imeinama upande ule ambao wewe pekee huiinamishia.

Baba, katika ukoo wetu nani mwingine anatumia mkono wa kushoto? Si ni wewe ambaye nyanya alikuwa akikufunga mkono kwa kamba ya katani ujifunze kula kwa wa kulia?

Kanga yule ni wako. Ulikuwa kijana hujaoa, babu alikuwa hai, nawe ulikuwa unachonga chini yake. Kwa hiyo alama ile ninayoikata maisha yangu yote, nikiamini ni yako, ni ya babu. Na wewe, baba? Babu aliwahi kukuambia, "Sasa kata yako"? Au alifariki kabla hajasema, nawe ukaendelea tu, ukiogopa kuitwa mwizi?

Nimekaa na swali hili siku zote hizi. Natembea hadi Gikomba na kurudi na sioni nilikopita. Nyanya yake Karin alikufa huko ng'ambo na kanga wako dirishani, na hakulijua jina lako. Ninaona huruma, baba, na nina hasira kidogo, na sijui hasira hiyo ni ya nani.

Kwenye kifurushi hiki nimeweka kanga mdogo, wa mhugu, mti unaoupenda. Tumbo lake nimeliacha tupu. Sikuombi ruhusa ya kukata alama yangu, si leo. Naomba kwanza ukate yako. Isiwe ile ya babu. Iwe yoyote, hata ikitoka imepinda. Umrudishe na basi la Jumatano. Akirudi na alama, nitaweka sahihi kwenye kikaratasi cha Karin kwa jina langu, na chini yake nitaandika jina la aliyenifundisha, Karin akubali asikubali. Akirudi mtupu, nitamwambia Karin aende salama, na Wafula akininunia wiki mbili atakuwa na haki yake.

Nisalimie mwaitu, umwambie unga wa mtama ulifika na haukumwagika. Msalimie mke wangu Ndinda, yeye nitamwandikia yake peke yake. Msalimie na jirani fundi cherehani, mwambie bado ninamdai kofia yangu.

Mwanao,
Mutua

Mwende, ukimaliza kusoma usimwulize kitu. Patasi ndogo iko kwenye kile kifurushi, nimeinoa. Mpe kwenye mkono wa kushoto.