Laptopu Nyembamba Aliyoninunulia Mume Wangu

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, nakuandikia nimesimama maana nikikaa tu huyu mtoto wa mgongoni anaamka, na hili jambo nimelibeba siku nne sijamwambia mtu. Mimi shule niliishia njiani ila kukata na kuunga video nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikawa nawakatia majirani, hadi mwenye chuo cha udereva akaniita, anataka kila mwanafunzi akiendesha arekodiwe, nami nikate palepale uwanjani ili aone makosa yake kabla hajaondoka. Ni kazi ya kudumu, mshauri, ya kwanza maishani mwangu. Mume wangu ni fundi rangi, aliposikia alifurahi kuliko mimi, akaenda dukani kimyakimya akarudi na laptopu mpya, nyembamba, inang'aa kama sahani, akanawa mikono mara tatu ndipo akaifungua, akasema, "Mama, sasa watajua wamepata mtu." Nililia kwa furaha.

Siku ya majaribio, video mbili tu laptopu ikapata moto hata mapajani haiwekeki, kila ninachobonyeza inawaza kwanza, mtoto analia, wanafunzi wamenizunguka, na mwenye chuo akasema, "Dada, mpaka mashine yako iamke hawa watakuwa wameshapata leseni." Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni mh. Amenipa hadi mwisho wa mwezi nije na mashine inayoweza, la sivyo anatafuta mwingine.

Sasa karibu na kliniki kuna fundi wa kompyuta, anauza laptopu zilizotumika maofisini, nyeusi, nene, pembe zimechubuka. Nikamwomba aijaribu moja kwa video zangu, mshauri, ilizimeza kama uji. Na lile duka aliponunua mume wangu linapokea mashine na kurudisha pesa, ikirudi na boksi lake ndani ya wiki mbili. Ila uzito ndio ulionitisha. Niliiazima dakika kumi nikaenda nayo kliniki nikamwomba nesi aiweke kwenye mizani ya watoto, akaniambia, "Huyu wako wa leo mbona hana miguu?" Kilo mbili na robo! Ile ya mume wangu ni kilo moja na kidogo. Na mgongoni tayari nina kilo tisa, na chuoni ni nusu saa kwa miguu.

Kila jioni mume wangu anauliza, "Inakwendaje?" Najibu, "Inakimbia, baba," naye anatabasamu. Nimechoka mgongo, nimechoka na kudanganya. Nivumilie na hii nyepesi, au nichukue ile nzito nimvunje moyo mtu aliyenipenda hivi?

Ni mimi, mama niliyechoka lakini sijakata tamaa.

*

Mwanangu,

Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine kwa sababu siku za duka hazingoji mtu. Pole kwa mgongo. Kwa uongo sikupi pole, huo umejitwika mwenyewe.

Mashine ya mume wako si mbovu. Imetengenezwa kwa mtu wa kuandika barua, kutazama picha, akaifunika akalala. Wembamba ndio unaoiponza: joto halina pa kutokea, nayo ikishapata joto inapunguza mwendo isije ikaungua. Za ofisini zimeundwa zichape kazi kutwa, zibebwe, zigongwe, na fundi aweze kuzifungua. Kwa kazi yako, chukua ya ofisini.

Lakini na wewe! Umepima laptopu, chaja umeiacha wapi? Hiyo nayo ni karibu nusu kilo. Na betri ya mtumba ikiwa imechoka, pale uwanjani umeme utautoa wapi? Rudi kwa fundi. Mwambie akutafutie ya ofisini yenye kioo kidogo, inchi kumi na nne. Zipo, na nyingi hazifiki kilo mbili. Asikuwashie dakika tano akakupa mkononi. Ichomoe kwenye chaja, ikate video zako saa nzima, wewe umekaa unaitazama. Betri ikilala, aweke nyingine kabla hujalipa. Akuandikie karatasi kwamba ikizingua ndani ya miezi mitatu anaipokea. Chaja iache ofisini kwa mwenye chuo, usitembee nayo.

Sasa mume wako. Unaogopa hataelewa? Fundi rangi! Huyo anajua kuliko mimi na wewe kwamba rangi ya ndani ukiipaka ukuta wa nje, mvua moja tu inabanduka, na rangi haikuwa mbaya. Mwambie hivyo hivyo, leo, kabla hajauliza. Kesho ukijibu tena "inakimbia", kazi itakuponyoka, na siku hiyo atajua vyote viwili: kwamba zawadi haikufaa na kwamba ulimficha. Cha kwanza kitamuuma kidogo. Cha pili kitakaa.

Ulimi ukiwa mzito, mpe gazeti hili asome mwenyewe. Na wewe baba, ukifika mstari huu, usimuulize kwa nini hakusema. Tafuta boksi, mbebe mtoto wewe, mwende dukani kabla hawajafunga.